Mkono wa Gia Uliogeuka Swichi: Historia ya "Gari Imekataa" Mbulu na Hanang

Kiswahili cha gereji kina sentensi moja ambayo wanaisimu wangefaa kuikalia kitako: "Gari imekataa." Hatusemi kwanza limeharibika, wala hatutaji kifaa kilichovunjika. Tunasema limekataa, kama ng'ombe anavyokataa kuvuka mto au mtoto anavyokataa uji. Imekataa kuwaka. Imekataa kupanda. Imekataa kuingia gia. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita hiyo ilikuwa lugha ya picha tu, maana chuma hakina nia, kikishindwa, kimeshindwa. Lakini leo yako magari yanayokataa kweli. Yana kiboksi kidogo chini ya dashibodi ambacho hupokea ombi la dereva, hulipima, kisha huamua. Makala haya ni historia ya safari hiyo, toka picha ya maneno hadi jambo halisi, katika wilaya mbili ambazo matope yake yanaifanya isiwe mchezo wa maneno: Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Nianze na chombo chenyewe, maana wasomaji wa blogu hii wengi ni watu wa vitabu, si wa grisi. Chini ya gari linaloweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, nyuma ya gia boksi, kuna boksi la pili. Mafundi wanaliita transfa. Kazi yake ni mbili. Kwanza, inagawa nguvu ya injini ili isiishie nyuma tu bali ifike na ekseli ya mbele. Hiyo ndiyo madereva wanaita kuingiza fowili. Pili, ina gia nzito, ile inayopunguza mwendo wa magurudumu na kuongeza nguvu ya kuvuta. Kati ya gia nyepesi na gia nzito, ndani ya magari mengi, kuna nafasi ya katikati ambapo transfa haijashika popote. Ikumbukeni hiyo nafasi ya katikati. Tutairudia, na si kwa mambo mazuri.

Sasa kwa nini Mbulu na Hanang? Kwa sababu ya ukuta na kwa sababu ya udongo. Ukuta ni ule wa Bonde la Ufa, unaosimama magharibi ya Ziwa Manyara. Mbulu iko juu yake. Ukitoka upande wa bondeni unapanda kwa Dareda kuelekea Dongobesh, au unaanzia Mbuyu wa Mjerumani na kuukabili mlima Magara, ambao mtu akiushuka mara ya kwanza hasahau. Udongo ni habari ya Hanang zaidi: chini ya mlima wenye urefu unaozidi mita 3,400 kuna tambarare za Basotu, zenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha unageuka gundi. Gundi hiyo haijali una injini ya ukubwa gani.

Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita nchi hizi mwaka 1892, alipita kwa miguu pamoja na wapagazi wake. Wairaqw walikuwa na punda wao, Wabarbaig na ng'ombe wao, na wote walijua njia za kukwepa matope bila kuandikiwa ramani. Historia zilizoandikwa baadaye ni nzuri, na wapenda vitabu wazitafute: George Klima alichapisha kitabu chake juu ya Wabarbaig mwaka 1970, Robert Thornton chake juu ya Wairaqw, nafasi na wakati, mwaka 1980. Humo mna ng'ombe, mipaka, ndoa, mizimu, ardhi. Transfa hamna. Mimi naamini inastahili aya chache.

(Neno moja la pembeni kuhusu kukataa, kabla sijaingia kwenye vyuma. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu: Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akamshinda yule aliyeteuliwa na chama. Yaani hata siasa, Mbulu ilikuwa inaipima kwanza ndipo iingie gia.)

Land Rover ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, na ndani ya miaka michache ikawa gari la mabwana shamba, mapadri, wachungaji na mabwana wa wilaya kote Afrika Mashariki. Matoleo ambayo wazee wengi wanayakumbuka yalikuwa na mikono mitatu ya gia. Mmoja wa kawaida. Mwingine wenye kichwa cha njano: ukiubonyeza chini, ekseli ya mbele inashika. Na wa tatu wenye kichwa chekundu: unasimamisha gari, unauvuta nyuma, umeingia gia nzito, na ekseli ya mbele inashika yenyewe. Basi. Hapakuwa na taa ya kukuambia lolote. Mkono wako ndio ulikuwa taa. Ukisikia kusagika, meno hayajakutana. Ukiona mkono umekaza hautoki, gari limejipinda ndani kwa ndani kwa sababu umeliendesha na fowili kwenye ardhi ngumu, rudi nyuma hatua mbili litajiachia. Ukiona unaruka wenyewe, kuna kitu kimelika. Dereva asiyejua kusoma aliweza kusoma hayo yote kwa kiganja.

Kuna jambo jingine katika Land Rover zile ambalo watu hulisahau. Hendibreki yake haikukamata magurudumu. Ilikamata ngoma iliyokaa nyuma ya transfa, kwenye propela shafti. Wengi waliilalamikia, maana ilikuwa na kelele na ilipenda kulowa mafuta. Lakini fikiri maana yake mlimani: hata transfa ikibaki katikati, haijashika juu wala chini, hendibreki bado inashika gari, kwa sababu imekaa upande wa pili wa pengo. Sidhani kama dereva aliyepumzisha gari lake kwenye kona za Magara mwaka 1962 alijua kwamba usingizi wake unategemea mahali pa ngoma ile.

Magari haya yalibeba nini? Mwaka 1955 wamisionari Walutheri kutoka Norwei walifungua hospitali Haydom, kusini-magharibi ya mji wa Mbulu, mahali ambapo wakati huo palikuwa mbali na kila kitu. Leo ni hospitali yenye vitanda zaidi ya 400. Hospitali ya namna hiyo haikai ikisubiri wagonjwa waje tu; kliniki za mama na mtoto zinafuatwa vijijini, na mama mwenye uchungu uliokwama anafuatwa usiku. Umbali wa kilomita arobaini wakati wa masika unahesabiwa kwa saa, na kuna saa ambazo mgonjwa hana. Hapo ndipo mkono mwekundu ulipokuwa kifaa cha hospitali sawasawa na mkasi.

Lakini gurudumu la nne halikuleta dawa peke yake, na historia ya kusifia magari tu ingekuwa historia ya uongo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano kwenye tambarare za Hanang. Chini ya shirika la NAFCO yakawa mashamba saba, karibu ekari 100,000, na ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Matrekta na mashine za kuvunia zilipita juu ya njia za ng'ombe, na juu ya makaburi ya wazee, yale ya kilima yanayoitwa bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu Arusha iliwapa ushindi mwaka 1984. Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Udongo mweusi wa Basotu, ambao kwa vizazi uliwazuia wageni kila masika, ulishindwa na mashine zenye nguvu ya kutosha. Mimi nikisikia mtu anasema teknolojia haina upande, huwa namuuliza kama ameshafika Basotu.

Miaka hiyohiyo nchi nzima ilikuwa haina vipuri. Kizazi kile cha mafundi, cha mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, ndicho kilichotufundisha tabia ambayo sasa inaonekana ya kawaida: kuliona gari si kama kitu kizima bali kama mkusanyiko wa vitu vinavyoweza kuhamia gari jingine. Ekseli ya huyu, gia boksi ya yule. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana zimetoka wapi, na polepole mlango wa magari yaliyotumika Ujapani ukafunguka. Mwaka huohuo Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na mwaka 1990 ikaja injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, yenye pampu ya kimakanika. Haina kompyuta. Ukiipa dizeli, hewa na mwanzo wa kuzunguka, inafanya kazi bila kumuuliza mtu. Injini za namna hiyo, kubwa na ndogo, zikawa sarafu. Gari lolote lenye injini ya mashaka liliweza kuokolewa kwa kuhamishiwa injini isiyo na maswali.

Na hapo ndipo historia mbili zinagongana. Upande mmoja, desturi yetu ya kuhamisha viungo. Upande wa pili, watengenezaji walianza kuondoa mkono wa transfa na kuweka swichi. Nissan Navara iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ford Ranger ya 2011 vilevile. Hilux ya kizazi cha 2015 ikafuata. Land Cruiser 70 ilibaki na mkono wake, na mpaka leo unauzwa nayo, jambo ambalo wauzaji huliita la kizamani na madereva wa Haydom huliita akili.

Swichi inafanyaje kazi? Ukiizungusha, husukumi chochote. Unatuma ombi kwenye kile kiboksi. Kiboksi kinatazama mambo kadhaa: gari liko mwendo gani, gia iko huru au la, klachi imekanyagwa au la, na transfa yenyewe iko nafasi ipi sasa hivi. Kikiridhika, kinapeleka umeme kwenye mota ndogo iliyofungwa ubavuni mwa transfa, na mota ndiyo inayozungusha kijiti cha ndani ambacho zamani kilivutwa na mkono wako. Kisha, na hili ndilo muhimu, kiboksi kinasubiri jibu. Ndani ya mota kuna kisahani chenye migusano, kwa kawaida waya nne hivi, ambazo kwa kufunga na kufungua kwa mpangilio tofauti zinasema "niko juu", "niko katikati", "niko chini". Taa ya kwenye dashibodi ikimweka bila kutulia, maana yake ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa: nimetuma, sijajibiwa.

Tuseme sasa kuna pikapu ya aina hiyo, ya kubebea vitunguu na abiria kati ya Basotu na Katesh. Ilizaliwa na gia boksi ya otomatiki na injini ya kompyuta. Otomatiki ikafa. Mwenye gari, ambaye hana mamilioni ya otomatiki nyingine, akanunua gia boksi ya kawaida na dizeli ya pampu kutoka gari lililogongwa, fundi akachonga sahani ya kuunganishia, transfa ya zamani ikarudishwa mahali pake. Kiangazi chote gari linakwenda vizuri. Mwenye gari anasifiwa kijiweni. Masika inafika, pikapu inazama hadi ekseli, dereva anazungusha swichi. Kitu kinasema tiki-tiki chini ya dashibodi. Taa inamweka. Gari imekataa.

Mazoea ya mafundi wengi hapo ni kusema mota imekufa, na kumtuma mwenye gari Arusha akatafute nyingine. Mota ni ghali, na mara nyingi ni nzima. Fundi anayejua historia ya gari, na nasisitiza neno historia, anaanza kwingine: anauliza nini kiliondolewa.

Lakini kabla ya hapo anaugawa ugonjwa nusu kwa nusu. Anafungua mota, inatoka kwa bolti chache, halafu anashika kile kijiti cha transfa kwa spana na kukigeuza kwa mkono. Kikigeuka na transfa ikaingia gia nzito na kutoka, basi vyuma vya ndani ni vizima. Ugonjwa uko kwenye umeme. Kisicho­geuka, hakuna waya itakayosaidia. Dakika ishirini, bila kipuri hata kimoja, na nusu ya mashaka imeondoka. Kisha mota yenyewe, ikiwa mezani: anaipa volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri kwenye zile waya mbili nene, kwa kugusa tu, inazunguka upande mmoja. Anabadilisha chanya na hasi. Inazunguka upande wa pili. Mota nzima. Sasa anairudisha, anaweka mita kwenye plagi, na msaidizi anazungusha swichi. Volti zikija kamili na mota haisogei, atazame mgusano. Zikija volti nane au tisa, umeme unapotea njiani: waya ya ardhi ilifungwa kwenye rangi au kutu siku ile injini ilipobadilishwa, na hili ni la kawaida kuliko yote, maana injini ya zamani ilikuwa na waya zake za ardhi na hakuna aliyezihesabu wakati inatolewa. Zisipokuja kabisa, basi kiboksi hakijatoa amri. Kimekataa, kwa maana halisi.

Na kinapokataa, kina sababu. Kiboksi cha pikapu yetu kilizaliwa kikijua otomatiki. Ili kikubali gia nzito kinataka kusikia kwamba gia iko huru, na habari hiyo ilikuwa inatoka kwenye swichi iliyokaa ubavuni mwa otomatiki. Otomatiki sasa ni chuma chakavu nyuma ya gereji. Waya yake imefungwa solotepu na inaning'inia. Kiboksi kinauliza swali kila siku, na aliyepaswa kujibu hayupo. Hali kadhalika mwendo: sensa ya spidi huenda ilikuwa kwenye gia boksi ya zamani, au habari za mzunguko wa injini zilikuwa zinapita kwenye waya mbili za mawasiliano kutoka kompyuta ya injini, ambayo nayo imeondoka. Kiboksi kisichojua mwendo wa gari hakitathubutu kuingiza gia nzito, na ukweli ni kwamba kiko sahihi.

Kuna kesi ya tatu, ya siri zaidi, ambayo haina umeme ndani yake hata kidogo. Katika kuhamisha viungo, wakati mwingine difu ya nyuma inatoka gari jingine. Difu zinafanana kwa nje, lakini moja ina uwiano wa 4.1 na nyingine 4.3. Kwa kuendesha nyuma tu hutajua, isipokuwa spidomita kudanganya kidogo. Ukiingiza fowili, mbele inataka kwenda mwendo mmoja na nyuma mwendo mwingine, propela zinapindana, transfa inajifunga, na mota masikini inashindwa kuitoa. Taa inamweka na kila mtu analaumu waya. Kuipima ni hesabu ya darasa la tano. Weka gia huru, inua gurudumu moja tu la ekseli, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha tairi mara 20. Propela ikizunguka mara 41, ni difu ya 4.1. Ikizunguka 43, ni 4.3. Fanya hivyohivyo mbele. Zikitofautiana, acha waya, tafuta difu.

Na ya nne: transfa imeingia, propela ya mbele inazunguka, lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Pikapu nyingi za siku hizi zina kifaa cha pili kwenye ekseli ya mbele kinachoiunganisha na kuiachia, chenye mota yake na swichi yake ya kujibu. Gari likiwa juu ya stendi zote nne, fundi anaona kwa macho ni wapi mzunguko unapoishia.

Turudi kwenye ile waya inayoning'inia, maana hapo ndipo penye uamuzi. Mazungumzo yake yanajulikana katika kila gereji:

"Fundi, we ziunge tu hizo waya tuondoke. Mvua hiyo inakuja."

"Bosi, nikiziunga gari itakubali. Ila itakuwa inakubali siku zote."

Jibu la fundi huyo lina uzito kuliko linavyosikika. Ukiunga waya ile na ardhi, umekiambia kiboksi kwamba gia iko huru, sasa na milele. Ni kughushi ushahidi. Gia nzito itaingia, mwenye gari atafurahi, atalipa, ataondoka. Lakini mlinzi wa mlango amelevywa. Siku dereva atakapogusa swichi gari likiwa kwenye gia na mzigo mgongoni, kiboksi hakitakuwa na sababu ya kukataa. Mota itaanza safari, itakutana na meno yaliyobanwa na mzigo, itaishiwa nguvu katikati. Katikati ile ile niliyowaomba mwikumbuke.

Gari lenye transfa katikati halijashikwa na injini. Kuacha gia namba moja ukizima injini, tabia ya kila dereva wa milimani, hakusaidii kitu. Magurudumu yamekatwa na gia boksi. Otomatiki nayo, ukiiweka P, inafunga gia boksi tu, si magurudumu. Kinachobaki ni hendibreki ya waya kwenye ngoma za nyuma, na tujiulize kwa ukweli ni pikapu ngapi za mizigo zina hendibreki inayoshika. Land Rover ya mwaka 1958 ilikuwa na jibu la tatizo hili bila kukusudia. Pikapu ya mwaka 2011 ililiweka jibu ndani ya kiboksi. Ukilevya kiboksi, huna la kwanza wala la pili, na uko mlima Magara na abiria wameshuka kununua mahindi ya kuchoma mbele ya bampa.

Njia ya haki ipo na si ghali. Gia boksi nyingi za kawaida zina tundu la swichi ya gia huru. Kama haina, swichi inafungwa kwenye kanyagio la klachi, ya kweli, inayofunguka na kufunga. Sensa ya spidi inarudishwa kwenye mkia wa transfa ikiwa ina nafasi yake. Na kama kiboksi ni cha kizazi kile kinachotaka kuongea na kompyuta ya injini ambayo haipo, basi afadhali kuacha kubembelezana nacho. Kuna mafundi wanaong'oa mota na kuchomelea mkono kwenye kijiti, wakatoboa sakafu, wakaweka kirungu. Watu wa mjini hucheka kazi hiyo. Mimi siicheki. Fundi anayeacha mfumo unaouliza maswali yasiyojibika, akarudisha ule unaosomeka kwa kiganja, amefanya uamuzi wa kiufundi wenye hoja, mradi achonge vizuri nafasi tatu ili mkono usibaki katikati, na hendibreki aitengeneze siku hiyohiyo.

Barabara inabadilika, ndiyo. Lami ya kutoka Minjingu kupita Babati na Katesh hadi Singida imeifanya safari ambayo ilikuwa ya siku kuwa ya saa. Lakini tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang iliporomoka, tope na mawe vikaishukia Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakafa, na barabara ikageuka tope lililobeba magogo. Siku kama hizo hakuna anayeuliza lami ilifika lini.

Kadi ya gari Tanzania inaandika namba ya injini, na ukibadilisha injini unatakiwa kuirekebisha. Haina mstari wa kuandika kwamba waya ya gia huru ilikatwa, au iliungwa na nini. Habari hiyo anabaki nayo fundi, naye huenda amehamia Singida. Wachache makini hufunga kipande cha plasta juu ya waya waliyoigusa na kuandika kwa kalamu ya wino: "hii ya N, imeenda klachi". Ukinunua pikapu iliyobadilishwa injini, ingiza kichwa chini ya dashibodi kabla hujatoa hela, uone kama kuna aliyekuandikia.